Jino Langu, Mali ya Mtaa Mzima

Kariakoo mtu anaweza kuficha deni, anaweza kuficha nyumba ndogo, na ukimpa usiku mmoja anaweza kuficha kontena zima. Jino lililolegea hafichi. Mtaa mzima unaishi kwa kutazama nani anakula nini, na mimi nilichongewa na hindi la kuchoma. Nilikuwa nalipukuchua kwa kidole gumba, punje baada ya punje, nazitia upande wa kulia na kuzitafuna kwa adabu, ndipo mama anayechoma akaniuliza kwa sauti ya kufika Msimbazi: "Baba Asha, meno yamefanyaje?"

Tangu siku hiyo hakuna anayenijulia hali mimi. Wanalijulia hali jino. "Shikamoo mzee, linaendeleaje?" Nami naitikia marahaba, nasema linawasalimu.

Nina kijiduka cha vifungo, zipu na nyuzi. Upande mmoja yupo fundi cherehani, upande wa pili kijana wa chaja za simu, na hatua chache mbele kuna kijiwe cha kahawa, makao ya wazee ambao kazi yao ni kujua. Hao wote walilitibu jino langu kabla mimi mwenyewe sijajua lina nini. Walitofautiana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: kila mtu alitaka kulishika kwanza. Mtu ametoka kuhesabu noti za Kariakoo, noti zilizopita kwa muuza dagaa na kwa konda, ananinyooshea kidole usoni: "Hebu nione."

Fundi akasema ni uzee. Fundi huyo tumezaliwa mwaka mmoja, na kutwa anakata uzi kwa meno ya mbele mpaka yamechongeka vijifereji, lakini mzee ni mimi. Kijana wa chaja akasema ni upungufu wa kalsiamu, amesoma kwenye simu, ninywe maziwa. Mama wa mahindi alitaka kujua kama nimeota jino linang'oka, maana ndoto ya hivyo ni msiba, afadhali jino la macho kavu. Kijiweni wakagawanyika kambi mbili, kambi ya sukari na kambi ya baridi, na mjadala ukaendelea hata baada ya mimi kuondoka. Jino ni langu, mjadala si wangu.

Halafu akapita yule wa kipaza sauti. Unamjua. Sauti yake imerekodiwa, haichoki wala haivuti pumzi: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, na kwenye chupa ndogo za pembeni, dawa ya jino. Jino linalouma, lililotoboka, linalocheza, na mdomo kunuka. Ukiongeza elfu moja inavuta na wateja. Nikamuuliza itanisaidiaje, maana jino langu haliumi. Akaniangalia kwa huruma ya kibiashara. "Mzee, litauma kwanza, ndo lipone."

Nilifungua kizibo nikanusa: karafuu. Sina ugomvi na karafuu, imewajengea watu nyumba Unguja na Pemba, na mafuta yake yanatia ganzi kweli, hata madaktari wa meno wanayatumia. Lakini ganzi ni ya maumivu, na mimi sikuwa nayo. Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Jino lililotoboka lina ustaarabu wake: linakuamsha saa nane za usiku, linakuzungusha kitanda kizima, asubuhi unajua pa kwenda. Hili halikusema neno. Fizi zilitoa damu kidogo wakati wa mswaki, na kila niliyemuuliza zake zinatoa, kwa hiyo tukawa tunatema na kwenda kazini. Shirika la Afya Duniani limehesabu zaidi ya watu bilioni 1 wenye ugonjwa mkali wa fizi. Bilioni nzima, na kijiweni kwetu hayupo hata mmoja. Wote wana uzee.

Mstaafu mmoja, mwalimu wa historia, aliniletea hoja nzito zaidi. Aliniletea Zinjanthropus. "Yupo hapo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndani ya Ilala hiihii," akasema. "Mary Leakey alimkuta Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Ana miaka milioni 1.75 na meno yake ya juu yako palepale. Dawa ya meno hakuijua. Wewe hata sitini hujafika, unalegea!"

Kijiwe kizima kikanicheka. Kushindwa na mtu aliyekufa ni jambo zito, kwa hiyo nikamfuatilia huyo bwana. Mwalimu alikuwa amenyamazia mengi. Kwanza, taya lake la chini halijapatikana hadi leo, hivyo tunamsifu kwa nusu ya mdomo. Pili, magego yake ya mwisho ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza: alikufa kijana, kabla fizi hazijaanza kumdai. Tatu, ile sifa aliyopewa na Wazungu ya kuvunja kokwa ngumu imeingia dosari. Waliochunguza mikwaruzo kwenye meno ya ukoo wake mwaka 2008 hawakuona alama za kutafuna vitu vigumu, na vipimo vya mwaka 2011 vikaonyesha walikula zaidi nyasi na mimea ya jamii hiyo. Mtu anakula nyasi, anasifiwa kwa kokwa. Kariakoo tunao wengi.

Basi nikaenda kwa wenye taaluma. Mahali pa kwanza, ghorofani, jina nalihifadhi, mlangoni palikuwa na kibao chenye picha ya jino linalocheka. Sijawahi kuona jino lenye sababu ndogo ya kucheka kuliko lile. Nikakaa kwenye kiti, nikafungua mdomo.

"Linacheza," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ndilo lililonileta.

"Tulitoe?"

Huduma ilikwisha hapo. Nimewahi kuuza zipu ya shilingi mia tano kwa mazungumzo marefu kuliko hayo. Na huu ndio ugomvi wangu hasa, wasomaji, si kidole cha aliyetoka kuhesabu noti. Ilala tumepandishwa hadhi tukawa Jiji mwaka 2021, lakini jino la mtu mzima bado lina hali mbili tu: limenyamaza, au limeng'olewa. Katikati hapana kitu. Hakuna anayeuliza limelegezwa na nini. Gari likigonga kwenye tairi fundi analala chini na tochi. Jino likigonga, anachukua koleo.

Nikashuka ngazi na jino langu, nikaelekea Upanga. Huko ndiko iliko Muhimbili na chuo chake kinachofundisha madaktari wa meno, na ukizunguka pande zile humkosi mtu anayejua fizi. Nikampata daktari, binti umri wa Asha wangu. Aliniamkia vizuri sana, kisha akanikosoa namna ninavyofungua mdomo. Alichukua kijisindano butu chenye alama za milimita, akawa anakiingiza kati ya fizi na jino, akimsomea msaidizi wake: tatu, mbili, tatu, tano, sita, sita. Nilidhani anamtajia namba ya simu ya mtu.

Kumbe anapima mifuko. Fizi nzima imelibana jino, na kijisindano kinakwama kwenye milimita 3 hivi au pungufu. Kikizama hadi 5 au 6, maana yake chini kumeachia, na kilichoondoka ni mfupa.

"Baba," akasema, "jino halikupigiliwa kwenye mfupa." Limening'inizwa humo kwa nyuzi nyembamba mno, zinatoka kwenye mzizi zinashika mfupa unaouzunguka, ndiyo maana hata jino zima huwa linayumba kidogo sana, kiasi cha wewe kutoona. Kwa mtu wa vifungo hapo hapakuhitaji mkalimani. Kifungo kikilegea, anayekilaumu kifungo ni mjinga. Unatazama uzi, halafu unatazama kitambaa. Uzi wangu ulikuwa unaliwa, na kitambaa pia.

Anayekula ni utando wa bakteria unaojijenga kwenye shina la jino kila siku. Ukiachwa, madini ya kwenye mate yanaugandisha kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue kwa hasira za kodi ya pango. Juu ya ugaga unapanda utando mwingine, unashuka chini ya fizi, mwili unapeleka askari wake, na vita hiyo isiyokwisha ndiyo inayomaliza nyuzi na mfupa. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Halafu akasema maneno ambayo nilitamani kuyarekodi nikayafunge kwenye kile kipaza sauti cha dawa ya kunguni, yapite mtaani kutwa: uzee peke yake haulegezi jino.

Maswali yakaanza. Navuta? Nimeacha zamani. Akasema vizuri, kwa sababu sigara inabana mishipa ya damu ya fizi, mvutaji hatokwi damu sana hata fizi zikiwa hoi, anajiona mzima kuliko wote. Nina sukari? Akanitoboa kidole. Kisukari kisichodhibitiwa kinaupa nguvu ugonjwa wa fizi, na fizi zilizovimba nazo zinaifanya sukari iwe ngumu kushuka; wanabebana hao. Yangu ilikuwa sawa. Niliporudi na habari hiyo, kiongozi wa kambi ya sukari, ambaye alikuwa ameshanitangaza hadi Gerezani, alinuna siku nzima. Alitaka nipone, lakini si kwa namna ya kumwaibisha.

Nasaga meno usiku? Nikasema hapana.

"Anasaga, daktari," akasema Mama Asha, aliyekuja eti kunisindikiza. "Mpangaji wa chumba cha pili aliwahi kuuliza kama tumefunga mashine."

Hakuna aliyeomba ushahidi huo. Ikabidi nielezwe kwamba kusaga peke yake si chanzo cha ugonjwa wa fizi, lakini jino ambalo tayari limepungukiwa mfupa, ukilisukuma usiku kucha, unalimalizia. Nikachukuliwa kipimo cha kigao cha plastiki cha kuvaa nikilala. Mama Asha alifurahi kupita kiasi.

Mama wa mahindi alikuwa amenituma swali lake: ni kweli kila mimba inaondoka na jino? Si kweli. Homoni za mimba zinavimbisha fizi, na meno yanaweza kulegea kidogo, lakini mara nyingi hali hiyo hutulia baada ya kujifungua. Mtoto tumboni haibi jino la mama yake; kilichopo ni mama aliyeacha kupiga mswaki kwa sababu ya kichefuchefu, na fizi zilizokuwa na ugonjwa kabla. Kijana wa chaja naye aliuliza habari za bodaboda, nadhani ana sababu zake. Jino lililolegezwa na kishindo ni kesi nyingine kabisa: hufungwa na majirani zake kwa wiki 2 hivi, na mara nyingi hushika tena. La mtu mzima likiruka nje lote, usilisugue. Lishike kwenye taji, si kwenye mzizi, lirudishe tunduni mwake au lizamishe kwenye maziwa, na uwe umefika kwa daktari ndani ya saa 1. Maziwa ya kijana yamepata kazi hatimaye.

Kijiweni nilipokelewa na babu. Si babu mmoja. Kila mwanamume wa Kariakoo ana babu aliyekufa na miaka tisini, meno yote mdomoni, mswaki hakuwahi kuugusa. Sasa nina jibu lao. Mtafiti Harald Løe wa Norwei na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, watu ambao mswaki haukuwa desturi yao kabisa. Asilimia 8 waliliwa haraka, na walipofika miaka 45 karibu meno yote yalikuwa yamekwenda. Asilimia 81 waliliwa kwa mwendo wa wastani. Asilimia 11 hawakupata zaidi ya fizi kuvimba. Basi babu wote wa Kariakoo wametoka kwenye asilimia 11. Wale 89 nadhani wajukuu wao hawanywi kahawa.

Na ukimbana mwenye babu, unagundua marehemu alikuwa na kijiti mdomoni tangu alfajiri. Huo ni mswaki, bwana! Mti wenyewe unaitwa mswaki. Shirika la Afya Duniani lilishauri vijiti hivyo tangu miaka ya 1980 kwa wenye desturi navyo, na nje ya misikiti ya Kariakoo unavipata kwa hela ya kashata.

Tiba yenyewe haina maajabu ya kusimulia. Unapigwa ganzi, kinapita kimashine kinachotetemeka na kutema maji, halafu vyuma vya mkono vinaingia chini ya fizi kukwangua ugaga kwenye mzizi. Upande mmoja leo, mwingine siku nyingine. Hakuna sindano ya kulikaza jino, hakuna kidonge, na antibayotiki mwenyewe aliniambia si za kumeza hovyo kwa jambo hili. Kama mifuko ingebaki mirefu, fizi ingefunuliwa kwa upasuaji mdogo ili sehemu za ndani zisafishwe kwa macho.

Mtaani walikuwa wameshanionya. "Usithubutu kusafisha, kaka, watakulegeza na yaliyobaki." Na kweli ukitoka pale unahisi meno yamerefuka, yana nafasi katikati, maji ya baridi yanachoma hadi kwenye sikio. Lakini fizi iliyokuwa imevimba ndiyo imenywea, na ugaga uliokuwa umejaa kwenye nafasi ndio umeondoka. Kilichokuwa kinayashikilia kilikuwa uchafu. Wapo watu katika nchi hii wanaoshikiliwa na uchafu na wanaogopa kusafishwa, lakini siwataji, sina hela ya wakili.

Lile linalocheza likafungwa kwa majirani zake. Waya mwembamba kwa nyuma, gundi nyeupe juu yake, taa ya bluu, limekaa. Fundi akalichungulia. "Umempelekea welda?" Nikamwambia wewe shona.

Kilichoniuma zaidi ni somo la mwisho. Binti yule alinifundisha kupiga mswaki. Mimi, mwenye wajukuu! Mswaki laini, umeinama kuelekea fizi, polepole, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kisha uzi wa kupitisha katikati ya meno. Uzi. Mimi ninayeuza nyuzi za rangi zote, nikatumwa famasi kununua uzi mweupe mmoja kwa bei ya kuwashonea bibi harusi na wapambe wake. Nikauliza kama wa cherehani unafaa. Hakucheka, na hakukubali.

Nimelipa, nimenung'unika, nimelipa tena, kwa sababu nimefanya hesabu ya upande wa pili. Jino la pembe si dawa ya pengo, na waliosema hivyo walikuwa wanajua bei. George Washington aliapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 akiwa na jino moja tu la kwake. Bandia zake zilitengenezwa pia kwa pembe ya kiboko, na mdomo ule uliobanwa unauona kwenye noti ya dola moja. Siku hizi kuna meno ya bandia mepesi, na kuna vipandikizi vinavyofungwa kwa skrubu ndani ya mfupa. Ndani ya mfupa, umesikia? Uleule ulioliwa. Ukiisha, skrubu inashika nini?

Waliponipima tena baada ya wiki kadhaa, ile sita ilikuwa imesoma nne. Jino halijawa changa na halitakuwa. Natakiwa kurudi kila baada ya miezi 3, na bima yangu inaliona jambo hili ni urembo. Mahindi nimerudia, ila bado napukuchua.

Na wewe najua umeshaanza kulijaribu la kwako kwa ulimi. Likiyumba mbele na nyuma chini ya milimita 1, lina wa kuliokoa. Likizidi hapo, bado kuna mazungumzo. Likianza kupanda na kushuka ukitafuna, hata yule binti wa Upanga mara nyingi atachukua koleo. Nenda sasa hivi kabla halijafika huko, na njiani usikubali kidole cha mtu.